Silikoni katika kompyuta za kwanta: kiwanda kipo, lakini atomu hazipangiki

Wanafunzi wa fizikia na uhandisi ninaokutana nao hapa Kampala hupenda kunieleza hoja moja, na kila mara huieleza kwa uhakika uleule. Wanasema kwamba chipu za simu zetu zimetengenezwa kwa silikoni, kwamba viwanda vinavyozitengeneza vimekwisha kujua kupanga mabilioni ya transista kwenye kipande kidogo kama ukucha, na kwamba kwa hiyo kompyuta ya kwanta ya silikoni itapatikana siku ambayo wenye viwanda hivyo wataamua kubadilisha mchoro. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Kampuni ya Intel imeitegemea katika utafiti wake wa kwanta, na maabara za Delft nchini Uholanzi na za Sydney nchini Australia zimeishikilia kwa miaka mingi. Hata hivyo mimi naiona kuwa kweli nusu. Kiwanda kinajua kutengeneza umbo, na umbo peke yake halitoshi, kwa sababu kifaa cha kwanta hukihisi kile ambacho transista hukipuuza, yaani atomu moja iliyokaa mahali pasipo pake.

Wazo lenyewe lilitolewa mwaka 1998 kwa njia mbili. Daniel Loss na David DiVincenzo walipendekeza kwamba elektroni mojamoja zifungiwe ndani ya nukta za kwanta, ambazo ni vijishimo vya umeme vinavyoundwa kwa volti za vipande vya metali vilivyolazwa juu ya semikondakta, na kwamba spini ya kila elektroni, yaani usumaku wake mdogo wa asili, ambayo ndani ya uga wa sumaku huelekea juu, huelekea chini au huwa katika mchanganyiko wa hali hizo mbili, itumike kama kyubiti, yaani kipande cha msingi cha taarifa katika kompyuta ya kwanta. Mwaka huohuo Bruce Kane, ambaye wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha New South Wales mjini Sydney, alipendekeza atomu za fosforasi zizikwe ndani ya silikoni na spini ya kiini cha kila atomu ibebe taarifa. Kwa macho, miundo yote miwili inafanana na transista. Tofauti ni kwamba transista hufanya kazi kwa wastani wa elektroni nyingi zinazopita, hivyo kasoro ndogo humezwa na wingi huo, wakati nukta ya kwanta ina elektroni moja tu, na hakuna wastani wa kuificha kasoro yoyote.

Adui wa kwanza alipatikana ndani ya malighafi yenyewe. Majaribio ya mwanzo yaliyovutia watu wengi, yale ya Harvard ya mwaka 2005 na ya Delft ya mwaka 2006, hayakutumia silikoni bali galiamu aseniaidi, kwa sababu tabaka zake hukua zikiwa safi mno na elektroni ndani yake huwa na uzito mdogo wa mwendo, jambo linaloruhusu nukta kubwa zaidi na hivyo kurahisisha utengenezaji. Tatizo ni kwamba isotopu zote imara za galiamu na aseniki, yaani aina za atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito, zina viini vyenye spini. Kila kiini ni sumaku ndogo, na elektroni iliyofungiwa katika nukta moja hugusana na viini kama hivyo laki kadhaa hadi milioni moja, vyote vikigeukageuka bila mpango. Matokeo yake ni kwamba, kama hakuna hila ya kurekebisha, elektroni husahau hali yake baada ya nanosekunde kumi hivi. Hila zilibuniwa, na nyingine ni za werevu mkubwa, lakini hakuna njia ya kuitakasa galiamu aseniaidi, kwa kuwa haina isotopu imara isiyo na spini ambayo ingeweza kubakizwa.

Silikoni ina bahati hiyo. Katika silikoni ya asili, asilimia 92.2 ni isotopu ya 28 na asilimia 3.1 ni isotopu ya 30, zote mbili zikiwa na viini visivyo na spini; mkorofi ni isotopu ya 29 peke yake, ambayo ni asilimia 4.7. Nukta yenye upana wa nanomita 40 na kina cha nanomita 5 hukusanya takriban atomu laki tatu, na kwa hiyo katika silikoni ya kawaida elektroni huzungukwa na viini korofi kama 15,000. Silikoni ikitakaswa hadi isotopu ya 29 ibaki sehemu 800 katika milioni, viini hivyo hushuka hadi kama 250, na ikitakaswa hadi sehemu 50 katika milioni hubaki kumi na kitu tu. Mwaka 2014 kundi la Sydney lilionyesha faida yake. Katika silikoni iliyotakaswa, elektroni ya nukta ya kwanta ilihifadhi hali yake kwa mikrosekunde 120 bila msaada wowote, na kwa milisekunde 28 ilipopewa mfululizo wa mapigo ya kuirekebisha. Kiini cha fosforasi, katika jaribio jingine la mwaka huohuo, kilizidi sekunde 30.

Hapa ndipo baadhi ya wanafunzi wangu hukumbuka mchanga wa Lwera, ule unaopakiwa kwenye malori kando ya barabara ya kwenda Masaka, na mchanga mweupe wa silika wa Diimu na Bukakata kwenye fukwe za Ziwa Victoria, wakauliza kama Uganda haina mtaji mkubwa katika jambo hili. Jibu ni kwamba mchanga ndiyo sehemu rahisi. Mchanga wa kila ziwa duniani una uwiano uleule wa isotopu, na kuzitenganisha kunahitaji kuigeuza silikoni kuwa gesi na kuizungusha katika mashinepewa, yaani mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa ili kizito kitengane na chepesi, za aina ileile inayotumika kutenganisha isotopu za urani. Sehemu kubwa ya silikoni iliyotakaswa hivyo kwa ajili ya sayansi ilitengenezwa Urusi, ikiwemo ile ya tufe zilizotumika kuhesabu atomu katika maandalizi ya kuifasili upya kilogramu, jambo lililokamilika mwaka 2019. Malighafi yenyewe haina shida kubwa tena, maana kiasi kinachotakiwa ni tabaka jembamba tu juu ya sahani ya silikoni ya kawaida, yaani kipande bapa cha mviringo ambacho chipu hutengenezwa juu yake. Mtu anayetafuta kizuizi kikuu anapaswa kutazama kwingine.

Kwa maoni yangu kizuizi hicho, ambacho hakielezwi vya kutosha kwa wasomaji wa kawaida, ni mabonde. Elektroni inayosafiri ndani ya fuwele ya silikoni haina hali moja tu ya nishati ya chini kabisa. Inazo sita, zenye nishati sawa lakini zikielekea pande tofauti za fuwele, na wanafizikia huziita mabonde. Silikoni ikibanwa kati ya tabaka nyingine ili elektroni ibaki kwenye ukanda mwembamba, mabonde manne hupanda juu na mawili hubaki chini yakiwa sawasawa. Kyubiti inahitaji hali mbili zinazojulikana, spini juu na spini chini. Bonde la pili likiwepo, kama mpangaji wa pili ndani ya chumba hichohicho, elektroni inaweza kuteleza kutoka bonde hadi bonde na kuondoka na taarifa. Ni lazima mabonde hayo mawili yatenganishwe kwa nishati ya kutosha, na kinachoyatenganisha ni mpaka kati ya silikoni na kitu kilicho juu yake, yaani jinsi atomu za mwisho zilivyopangika hapo.

Tuitazame hesabu yenyewe. Katika uga wa sumaku wa tesla moja, tofauti ya nishati kati ya spini juu na spini chini ni kama mikroelektronivolti 116 (mikroelektronivolti ni kipimo kidogo mno cha nishati). Katika tabaka za silikoni na silikoni-jemaniamu, yaani silikoni iliyochanganywa na elementi ya jemaniamu, tofauti kati ya mabonde imepimwa kuwa makumi machache tu ya mikroelektronivolti katika nukta moja, na zaidi ya mia moja katika nukta jirani iliyotengenezwa siku hiyohiyo kwenye sahani hiyohiyo. Sababu imekwisha kueleweka: atomu za jemaniamu katika tabaka za pembeni hukaa kwa kubahatisha, na kila nukta hupata mchanganyiko wake. Kiwanda kinaweza kuamuru kwamba asilimia 30 ya atomu za tabaka fulani ziwe jemaniamu, lakini hakiwezi kuamuru ni atomu ipi ikae wapi. Hakuna mashine ya kuchonga, hata iwe ya bei gani, itakayoondoa bahati nasibu hiyo kwa kuboresha mchoro.

Mtu anaweza kusema basi tuache jemaniamu, tutumie mpaka wa silikoni na oksidi yake, kama transista za kawaida zinavyofanya. Njia hiyo ipo, na ndiyo waliyoifuata watu wa Sydney. Mpaka huo ni mkali, elektroni husukumwa juu yake kwa nguvu, na mabonde hutengana kwa mamia ya mikroelektronivolti, kiasi cha kuridhisha. Lakini oksidi ni kioo kisicho na mpangilio wa fuwele, kimejaa kasoro zinazonasa chaji na kuziachilia, na sasa elektroni yako imelala ubavuni mwa kasoro hizo. Katika silikoni-jemaniamu elektroni hukaa makumi ya nanomita chini ya uso, mbali na oksidi, ikiwa na utulivu wa umeme lakini mabonde yasiyotabirika. Kwenye mpaka wa oksidi ina mabonde mazuri na majirani wenye fujo. Nimesoma watu wakitetea kila upande kwa hamasa, na sidhani kwamba yupo aliyekwisha kushinda.

Fujo hiyo ya chaji ina uzito kwa sababu shughuli kati ya kyubiti mbili hutegemea kusogezana kwa elektroni mbili jirani hadi mawimbi yao yagusane kidogo. Nguvu ya mgusano huo hubadilika kwa kasi sana volti ya kizuizi kati yao inapobadilika hata kidogo, na hivyo chaji moja inayoruka ndani ya oksidi huligeuza tendo lililopimwa vizuri kuwa kosa. Ziko pia maabara zinazoweka sumaku ndogo za kobalti juu ya chipu ili spini igeuzwe kwa umeme badala ya mikrowevu ya sumaku. Njia hiyo huongeza kasi, ila ina gharama yake, kwa kuwa spini iliyofunguliwa mlango wa kuongozwa kwa umeme husikia pia kelele zote za umeme.

Pamoja na hayo yote, watafiti wamefika mbali kuliko nilivyotarajia. Mnamo Januari 2022 makundi matatu, la Delft, la RIKEN nchini Japani na la Sydney, yalichapisha kwa pamoja matokeo yaliyoonyesha matendo ya kyubiti mbili yenye usahihi unaozidi asilimia 99, kiwango ambacho wataalamu wa usahihishaji wa makosa hukihesabu kuwa kizingiti cha kuanzia. Mwaka huohuo Delft walionyesha kichakataji chenye kyubiti sita. Mwaka 2023 Intel ilitoa chipu yenye kyubiti 12 iliyoitwa Tunnel Falls, iliyotengenezwa kwenye sahani za milimita 300 katika mitambo yake ya Oregon, na mwaka 2024 ikachapisha vipimo vya nukta nyingi zilizopimwa sahani nzima kwa pamoja kwenye joto la kelvini 1.6, yaani nyuzi 1.6 tu juu ya sifuri kamili, baridi ya mwisho kabisa. Kipimo hicho cha mwisho nakithamini kuliko idadi ya kyubiti, kwa sababu ndicho kinachojibu swali la kiwanda: nukta zinazotengenezwa kwa mchoro mmoja zinafanana kiasi gani?

Swali hilo si la urembo. Kila nukta huhitaji volti yake ya kushikilia elektroni, na kila pengo kati ya nukta huhitaji volti yake ya kizuizi. Chipu ya kumbukumbu ya kompyuta ina mabilioni ya seli, lakini hailazimiki kuwa na mabilioni ya nyaya zinazotoka nje, kwa kuwa seli zote hukubali volti zilezile na huitwa kwa safu na mistari. Nukta za kwanta zinakataa utaratibu huo maadamu kila moja inadai volti tofauti kidogo, na ukigusa volti ya moja, jirani zake huyumba. Mtafiti hutumia saa nyingi, wakati mwingine siku nyingi, kurekebisha volti za nukta chache hadi kila moja ibaki na elektroni moja. Maabara ya Delft ilionyesha nukta 16 za jemaniamu zikitawaliwa kwa nyaya za pamoja, na hiyo ni hatua ya kweli, ingawa kutoka kuzijaza nukta hadi kuziendesha zote kama kyubiti za kuaminika bado kuna safari.

Udogo wa nukta, ambao hutajwa katika kila tangazo kama sifa, ndio unaoleta msongamano huu. Nukta jirani huachana kwa nanomita 100 hivi, wakati kyubiti za mizunguko ya umeme isiyo na ukinzani, zile za Google na IBM, zina ukubwa wa mamia ya mikromita. Kwa eneo lilelile unaweza kuweka nukta mara mamilioni. Lakini utapitisha wapi nyaya zao, na utaweka wapi kifaa cha kusoma spini, ambacho kwa kawaida ni nukta nyingine ya kuhisi chaji inayopaswa kukaa jirani kabisa? Katika mstari mmoja wa nukta, vihisi huwekwa kando. Katika safu ya pande mbili, ambayo usahihishaji wa makosa huitaka, nukta za katikati hazina kando. Ndiyo maana makundi kadhaa sasa yanafanya kazi ya kuzisafirisha elektroni zenyewe, kwa kulitembeza shimo la umeme kama wimbi, ili vipande vidogo vya nukta viachane kwa mikromita kadhaa na kuacha nafasi ya vifaa. Elektroni inayosafiri, hata hivyo, hupita juu ya maeneo mengi yenye mabonde tofauti, na kwa hakika itafika mahali ambapo tofauti ya mabonde inakaribia sifuri. Tatizo la atomu zisizopangika linarudi kwa mlango mwingine.

Halafu kuna baridi. Nukta nyingi huendeshwa ndani ya majokofu ya mchanganyiko wa heliamu, yanayoshuka hadi makumi ya milikelvini au chini yake. Heliamu ya 3 inayohitajika humo hupatikana hasa kutokana na kuoza kwa tritiamu, hidrojeni yenye mionzi ambayo kwa sehemu kubwa ilitengenezwa kwa ajili ya silaha za nyuklia, hivyo haipatikani sokoni kama bidhaa nyingine. Jokofu la aina hii hutumia kilowati kumi hivi mchana na usiku na huchukua siku nzima au zaidi kupoa, na anayeishi Kampala hahitaji kuambiwa maana ya sharti la umeme usiokatika. Kwenye milikelvini 100 jokofu kubwa huweza kuondoa joto la mikrowati mamia kadhaa tu, kiasi ambacho waya wachache wasiochaguliwa vizuri wangekimaliza. Vifaa vya kuongoza kyubiti, kama chipu ya Horse Ridge ambayo Intel ilianza kuitangaza mwaka 2019, hulazimika kukaa ghorofa ya juu ya jokofu yenye kelvini 4 hivi, na kwa hiyo nyaya za kushuka kutoka huko bado zinahitajika.

Katika jambo hili silikoni ina karata nzuri kuliko washindani wake. Mwaka 2020 makundi ya Sydney na Delft yalionyesha kyubiti za silikoni zikifanya kazi juu ya kelvini moja, la kwanza kwenye kelvini 1.5 na la pili kwenye kelvini 1.1. Kwa mtu wa mtaani tofauti kati ya milikelvini 100 na kelvini moja ni mzaha. Kwa jokofu, uwezo wa kuondoa joto hukua mara nyingi sana, na ghafla inawezekana kuweka transista za kawaida kando ya kyubiti kwenye chipu moja. Ikumbukwe tu kwamba kwenye kelvini moja nishati ya joto ni mikroelektronivolti 86, kwa hiyo nukta zenye mabonde yaliyotengana kwa makumi machache hazina nafasi huko. Ndiyo sababu matokeo hayo ya joto ya Sydney yalipatikana kwenye mpaka wa oksidi.

Juu ya njia ya Kane nitasema kidogo. Michelle Simmons na wenzake wa Sydney wamefanikiwa kuweka atomu za fosforasi kwa kutumia ncha ya hadubini inayoondoa atomu za hidrojeni mojamoja, na mwaka 2012 walionyesha transista ya atomu moja. Ni kazi ya ustadi unaostaajabisha, nayo inashambulia tatizo langu la atomu ana kwa ana. Bado ni ya polepole mno kwa kiwanda. Matundu ya elektroni ndani ya jemaniamu, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni, nayo yanastahili makala yake: hayana shida ya mabonde, hugeuzwa kwa umeme bila sumaku ndogo, na Delft walionyesha kichakataji chake cha kyubiti nne mwaka 2021, ila urahisi huo wa kuongozwa kwa umeme hufanya kila tundu liwe na tabia yake.

Kwa kulinganisha, IBM ilitangaza chipu ya kyubiti 1,121 mwishoni mwa 2023, na Google ilionyesha mwishoni mwa 2024, kwa kyubiti 105, kwamba makosa hupungua kadiri msimbo wa kusahihisha unavyokua. Silikoni haijafika hapo. Mwanafunzi anayeniuliza kama upande huu wa silikoni umeshindwa, mimi humwambia kwamba idadi ya leo si kipimo kizuri, kwa sababu mizunguko ile mikubwa nayo itakutana na ukuta wa ukubwa wake inapohitaji mamia ya maelfu ya kyubiti, wakati silikoni inapigana na ukuta wake mwanzoni. Sehemu ya pambano hilo haihitaji jokofu: kuandika programu zinazorekebisha zenyewe volti za nukta kwa kusoma picha za chaji, au kukokotoa jinsi mpangilio wa atomu za jemaniamu unavyobadilisha mabonde, ni kazi inayoweza kufanywa Makerere au Mbarara kwa kompyuta ya kawaida na hisabati ya kutosha.

Tangazo jipya linapotoka, mimi hutafuta kwanza mambo mawili: mtawanyiko wa tofauti za mabonde katika sahani nzima, si katika nukta bora iliyochaguliwa, na idadi ya nyaya kwa kila kyubiti. Safu ya kumi kwa kumi ambayo nukta zake za katikati zinasomeka kwa usahihi wa asilimia 99 ingenishawishi kuliko mstari mmoja wa kyubiti elfu.